Mazoezi ya Januari siyo mchakamchaka

Kila nikirudi nyumbani Tanga lazima nimkute mtu barazani ananiuliza, "We mjomba, hivi huko Marekani unafanya kazi gani hasa?" Nikisema kocha wa viungo wa timu ya chuo wanadhani soka, nikisema hapana, ni ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, wa kuvaa helmeti na kugongana kama mabeberu, wanacheka, afu linakuja swali la pili ambalo ndo limenifanya niandike leo: "Sasa ligi yenyewe si inaanza mwisho wa Agosti na ikifika Desemba timu nyingi zishamaliza? Hiyo miezi mingine unalipwa kwa kufanya nini?"

Hiyo miezi mingine ndo kazi yenyewe jamani. Ligi ikiwa inaendelea mi ni kama fundi anayesafiri na basi, nakaza bolti zilizolegea tu, maana huwezi kushusha injini abiria wakiwa ndani na basi liko Chalinze. Injini inashushwa Januari.

Na muda wenyewe wala siyo mwingi kama watu wanavyodhani. Sheria za NCAA, hawa ndo wanaosimamia michezo ya vyuo huku, zinasema msimu ukiendelea mchezaji anatumika masaa 20 kwa wiki, msimu ukiisha yanashuka mpaka 8, na humo humo kuna chuma, kuna mbio, kuna kukaa kuangalia video na makocha wa mpira. Kwa hiyo Januari na Februari ni zangu, Machi na Aprili makocha wa mpira wanawachukua kwa mazoezi yao ya masika, mara 15 tu ndani ya siku 34, Mei madogo wako kwenye mitihani, Juni na Julai wanarudi kwangu kwenye joto, Agosti kambi inaanza na hapo mi narudi kushika spana.

Sasa tuongee kuhusu pumzi, maana hapa ndo tunapogombana na washkaji zangu wa soka. Tendo moja la mpira huu, tangu mpira unapoachiwa hadi filimbi, ni sekunde 5 au 6 hivi, imeisha. Afu mnasimama, mnapewa maelekezo, saa ya sekunde 40 inahesabu, mnaanza tena. Sekunde 5 za kusukumana na mtu wa kilo 140 kwa nguvu zako zote, pumzika, rudia, mara 60 au 70 kwa jioni moja. Nguvu ya aina hiyo inatoka kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya msuli wenyewe, inalipuka na kuisha kama kiberiti, na inajirudisha ukipumzika. Ukimkimbiza huyo mtu kilomita 5 humjengei hicho anachokihitaji, unamsaga magoti tu na kumfundisha kukimbia polepole. Sisi tuliosoma bweni tunaujua mchakamchaka, alfajiri giza totoro, mnakimbia mnaimba, wa mwisho anakula fimbo, na kiukweli mi niliupenda, ulituamsha akili. Lakini mchakamchaka una kazi yake na huu mpira una kazi yake.

Tatizo ni kwamba Wamarekani nao wana mchakamchaka wao, na ni mkali kuliko wetu. Mwaka 1954 kocha Bear Bryant wa Texas A&M aliwabeba vijana wake kwenye mabasi mpaka kijiji kimoja kikavu kinaitwa Junction, siku 10 za jua kali bila ya kuwapa maji mazoezini, wengi wakaacha timu, wengine waliondoka usiku, na mpaka leo watu wanaisimulia kama habari ya kishujaa. Hiyo imani kwamba dogo asipotapika hajafanya mazoezi nimeikuta hai kabisa nilipofika, na hata wazazi wengine wanaitaka, wanakuja kuniambia nimkaze mtoto wao.

Kunyanyua chuma nako kulikuja kwa kuchelewa. Zamani makocha waliamini chuma kinamfanya mchezaji awe mzito kama gogo. Boyd Epley alikuwa mruka upondo pale Nebraska, akaumia mgongo, akawa anashinda jimu, wachezaji wa mpira waliokuwa majeruhi wakaanza kumuiga na wakawa wanarudi uwanjani wana nguvu kuliko walivyotoka. Mwaka 1969 kocha mkuu Bob Devaney akampa ajira kwa dola 2 kwa saa, na akamwambia wazi kwamba akimuona hata mmoja amepungua kasi basi kazi hana. Hawakupungua kasi, Nebraska ikabeba ubingwa wa nchi 1970 na 1971, na 1978 Epley akaanzisha chama cha sisi makocha wa viungo. Kila nikipokea mshahara namkumbuka yule mzee na dola zake 2.

Haya, Januari. Hapa ndo kwenye hatari na ndo hapa nataka kukaa kidogo.

Dogo amecheza mechi 12 mpaka 13, mwili umechoka, akaenda kwao kula vya mama wiki tatu, akarudi. Akilini mwake bado yuko vilevile alivyokuwa Novemba. Kocha naye akilini mwake amefungwa mechi nne za mwisho na ana hasira. Hawa wawili wakikutana siku ya kwanza bila mtu mwenye kalkuleta katikati, noma. Mwaka 2011 chuo kikuu cha Iowa kilirudi toka likizo, zoezi mojawapo likawa skwati 100, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, kwa nusu ya uzito wa juu kabisa wa kila mtu, tena kwa kushindana na saa. Wachezaji 13 wakalazwa. Msuli uliofanyishwa kazi kupita kiasi unavunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu, vinaenda kuziba figo, na dalili ambayo madogo wangu wote nimewakaririsha ni mkojo wenye rangi ya chai ya strungi. Wale wa Iowa walitoka hospitali wote. Jordan McNair wa Maryland hakupata bahati hiyo. Tarehe 29 Mei 2018, mbio za yadi 110, ambazo ni kama mita 100, zilikuwa 10, akaishiwa nguvu, joto la mwili lilishapanda vibaya, na hakuzamishwa kwenye maji ya barafu. Alifariki wiki mbili baadaye, ana miaka 19.

Barafu yenyewe ni kitu cha bei ya kutupa. Mimi kuanzia Mei mpaka Septemba nina beseni kubwa, lile la kunyweshea ng'ombe, limejaa maji na barafu pembeni ya uwanja kabla filimbi ya kwanza haijalia, na sheria ni kupooza kwanza, safari ya hospitali baadaye. Mtu mwili ukifika digrii 40 na kitu na ameanza kuongea mapumba, una kama nusu saa ya kumshusha. Joto linapimwa kwa kipimo cha njia ya haja kubwa, ndiyo, madogo wanacheka wakisikia, cha kwapani au cha paji la uso kitakudanganya.

Baada ya misiba hii, 2019 vyama vya makocha wa viungo vilitoa utaratibu ambao mimi nimeuandika ukutani kwa maka pen: 50, 30, 20, 10. Yaani kazi ya kukimbia wiki ya kwanza unakata asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Kama mpango wangu kamili ni mbio 16 za yadi 110, basi wiki ya kwanza wanakimbia 8, ya pili 11, ya tatu kama 13, ya nne 14, ndo ya tano wanafika 16. Na mapumziko yanahesabiwa: mnene wa mstari wa mbele akikimbia sekunde 18, wiki ya kwanza anapumzika mara nne ya hizo, sekunde 72, wiki ya pili mara tatu, 54. Kuna kocha aliwahi kunisogelea akaniuliza kama naendesha timu au chekechea. Nikamwonyesha ukuta. Mwaka huohuo NCAA nao walitoa mwongozo kwamba mazoezi yasitumike kama adhabu, ila si unajua, karatasi ni karatasi.

Nalijua hilo kwa sababu limenikuta. Miaka yangu ya mwanzo, chuo kingine, sikitaji. Februari, saa 12 asubuhi, uwanja wa ndani, baridi tu ya kawaida. Wachezaji watatu wamekacha darasa, kwa hiyo timu nzima inakimbizwa, na mi ndo nimeshika saa. Mbio ya nne dogo mmoja mwenye kasi kuliko wote akakaa chini. Hakupiga kelele, hakushika paja kama mtu aliyebanwa na misuli, alikaa tu taratibu kama mtu aliyeishiwa mafuta, nikamgusa paja ni laini kabisa, akaniambia "Coach, miguu haipo". Watu nyuma wanamzomea, inuka, acha uvivu. Nikatupa saa chini nikamwita mtabibu wa timu, oksijeni, ambulensi, na namshukuru Mungu yule dogo ni mzima mpaka leo. Kumbe alikuwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na majibu yake ya kipimo yalikuwepo, yako kabatini ofisini, hakuna aliyetuambia sisi tulioshika filimbi.

Hapa inabidi Waafrika tusikilize vizuri, maana hichi kitu ni chetu. Mwenye kinasaba kimoja cha selimundu siyo mgonjwa, anaishi zake vizuri tu na hata malaria kali inamuogopa, jambo ambalo daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilitolea ushahidi mwaka 1954 kutokana na damu alizopima Afrika Mashariki. Lakini huyohuyo ukimkimbiza kwa nguvu zote mfululizo bila kupumzika, chembe zake nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo, msuli ukakosa hewa, na haihitaji jua, inatokea hata kwenye ubaridi, tena ndani ya dakika chache za mwanzo. Kati ya Wamarekani weusi ni kama mtu 1 kwa 12. Dale Lloyd wa chuo cha Rice alikufa hivyo mwaka 2006, na ni kesi ya familia yake iliyofanya NCAA waanze upimaji 2010 kwa vyuo vya daraja la juu. Dawa ya mazoezini ni rahisi mpaka inaudhi: apumzike zaidi kati ya mbio na mbio, asipimwe kwa mbio mfululizo, akisema amechoka aaminiwe. Sasa hivi majina yao ninayo mfukoni, kwenye kikaratasi kilekile chenye muda wa kila mtu.

Chumba cha chuma chenyewe sitakiongelea sana, watu wa jimu mnakijua. Skwati, kuvuta chuma toka chini hadi mabegani kwa mara moja, benchi presi, ile ya kulala chali na kusukuma chuma juu, kwa sababu madogo wanaipenda na skauti wanaihesabu, kilo 102 unazisukuma mara ngapi. Ninachosisitiza zaidi ni viwili ambavyo havina picha nzuri ya Instagram. Shingo, kwa sababu ya kugongana. Na lile zoezi la kupiga magoti, mwenzako anakushika visigino, unajiachia mbele taratibu mpaka nyama za nyuma ya paja ziombe poo. Wachezaji wa soka huko nyumbani mnaochanika nyama za paja kila mwanzo wa ligi, lifanyeni hilo mara mbili kwa wiki, halina hata gharama ya mkeka.

Acha niwaonyeshe Januari hii ilivyo. Kuna dogo wa mstari wa mbele, nitamwita Kilo. Desemba aliondoka na kilo 138, amerudi na 142, uso unang'aa, mama yake kamtendea haki. Mwaka jana alipiga skwati ya kilo 250. Siku ya kwanza nikamwekea 100, seti 3 za mara 5. Akaiangalia bar, akaniangalia, akauliza hii ni ya kupasha misuli au ndo yenyewe. Ndo yenyewe. Akabeba seti ya kwanza anacheka. Seti ya pili nikachuchumaa pembeni yake nikaangalia miguu, kisigino cha kulia kinanyanyuka kidogo kila akifika chini, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Wenzake wanaona chuma inapanda tu, hawaoni kwamba kiuno kinapinda kufuata kile kisigino. Na kilo 100 ndo zinaniruhusu kukiona, kwa 230 ningekuwa naangalia kama atatoka mzima.

Tukarudi kwenye kifundo cha mguu. Kila asubuhi dakika 10 anasukuma goti mbele liguse ukuta, kisigino kikiwa chini, nimempima kwa rula toka kidole gumba cha mguu hadi ukutani, alianza na sentimita 5, sasa yuko 8. Tuko wiki ya nne, mbio 14, skwati 180. Jana kisigino kilinyanyuka mara moja tu, kwenye ya mwisho, na kabla sijasema kitu yeye mwenyewe akairudisha bar kwenye stendi, akaenda kwenye ukuta, akapiga goti.