Taa ya Bahari Husomwa: Kutoka Cordouan Hadi Ras Serani

Julai 1 ni siku ya kimataifa ya vifaa vya kuongozea meli, na kila inapofika sisi tunaosimamia taa za bahari tunaulizwa swali lile lile: meli zote siku hizi zina GPS, mnara wa taa wa Ras Serani, hapa Mombasa, wa nini? Wa kulia krispi za muhogo, waulizaji hujijibu wenyewe na kucheka.

Ufaransa kuna mnara wa taa mkongwe, Cordouan, juu ya mwamba kwenye mlango wa Gironde, hori ambamo mito ya Garonne na Dordogne huungana kwenda baharini. Louis de Foix aliuanza mwaka 1584. Ukakamilika 1611, yeye keshafariki. Wareno walipoanza Fort Jesus mwaka 1593, mafundi wa Cordouan bado walikuwa wakingojea maji yapwe ili wafanye kazi. Ndani mna chumba cha mfalme na kanisa, lakini juu kabisa palikuwa na moto wa kuni tu. Mwishoni mwa karne ya 18 Joseph Teulère aliurefusha, sasa una mita 67 hivi. Kisha mwaka 1823 Augustin Fresnel akafunga hapo lenzi yake: vipande vya kioo vilivyopangwa pete juu ya pete, vikikusanya mwanga uliokuwa ukipotea juu na chini na kuuelekeza baharini.

Sasa lile ninalochoka kulieleza: taa haimmulikii nahodha njia. Nahodha huisoma, rangi yake na sekunde za giza kati ya mwako na mwako. Mtambo wa GPS ukimdanganya, taa huufichua uongo wake. Anayeingia bandarini kwa taa mbili za kuongozea huzitazama ya mbele iliyo chini na ya nyuma iliyo juu. Zikisimama wima, moja juu ya nyingine, yuko katikati ya njia ya meli. Boya jekundu huwa kushoto kwake, la kijani kulia. (Marekani ni kinyume.)

Usiku mmoja, nikiwa kwenye boti ya rubani wa meli, tuliona taa nyekundu ikimweka mahali pasipo na boya. Ilikuwa juu ya paa la mkahawa, ikitangaza samaki wa kupaka.

Basi anayetaka kufunga taa kali inayoelekea baharini atuandikie barua kabla ya kufunga, si baada. Aambatanishe ramani ya mahali, kimo cha taa kutoka usawa wa maji, rangi, mwelekeo na saa za kuwaka. Mkaguzi atakuja mchana, kisha atarudi usiku kuitazama kutoka majini. Ukaguzi wa mchana peke yake si kibali. Akiagiza igeuzwe au ifunikwe, ni usiku huo huo. Kufunga mashua kwenye boya, au kung'oa betri na paneli ya sola, kunaweza kukufikisha mahakamani, mbali na kudaiwa gharama za matengenezo.

Ukiona taa imezima, usiseme "wenyewe wanajua". Hatujui. Tupigie simu, utaje mahali, saa, na kama imezima kabisa au inawaka kinyume na kawaida yake. Tukithibitisha, mabaharia hupewa ilani. Picha ya WhatsApp isiyo na saa wala mahali hatuwezi kuitolea ilani.