Kopo la elfu themanini na kidonge cha danganya toto

Juzi jioni nimekaa zangu kijiweni Ngamiani nasubiri kahawa, kaja dogo mmoja anacheza winga timu ya mtaani kule Makorora, shikamoo dokta, marahaba, hajakaa hata vizuri kashatoa kopo kwenye begi, unga wa kukoroga wa kuongeza nguvu michezoni. Kanunua elfu themanini kwa jamaa wa gym. "Dokta hii kitu noma, ukinywa tu robo saa nyingi, uso unawasha, masikio, mpaka mikono, yani unajua kabisa dawa imeingia."

(Mimi sio daktari wa sindano jamani, nimesomea lishe ya michezo, ila huku ukishavaa miwani na kubeba mafaili wewe dokta, nimeshazoea.)

Sasa huo muwasho naujua. Ni beta-alanini, kirutubisho kimojawapo kwenye huo unga, inachokoza neva za kwenye ngozi, haina shida, inapita yenyewe. Tatizo ni kwamba muwasho na faida ni vitu viwili tofauti kabisa. Beta-alanini mwili unaitumia kutengeneza karnosini ndani ya misuli, na karnosini ndo inazima ile asidi inayokukaba ukikimbia kwa nguvu zote, lakini kuijaza misulini kunataka gramu 3 mpaka 6 hivi kila siku, wiki nne na kuendelea, na hata hapo inayofaidika zaidi ni kazi ya dakika 1 mpaka 4, kwa hiyo mkimbiaji wa mita 800 namuelewa. Winga anayekoroga Jumapili ya mechi tu, kanunua muwasho.

Nikageuza kopo nisome nyuma. Vitu kumi na moja vimetajwa majina, jumla gramu 6 na nusu, kipi kiko kiasi gani hamna. Hapo mtu anakulisha majina tu.

Na dogo hadanganyi akisema anakimbia zaidi, hapa ndo patamu. Nikiwa chuo tulifanyiwa mazoezi ya vitendo, unapewa kidonge, unakaa saa moja, unapanda baiskeli ya maabara. Mimi nilivyomeza tu moyo ukaanza kwenda mbio, viganja jasho, nikamwambia mwenzangu mimi nimepata kafeini bwana, nikapiga pedali kama nafukuzwa. Mwalimu kufungua karatasi, nilikula unga wa sembe. Walinicheka mpaka muhula unaisha.

Kumbe sikuwa peke yangu. Mwaka 2006 watafiti Uingereza walichapisha jaribio la waendesha baiskeli, wakaambiwa mara moja watapewa kidonge kitupu, mara nyingine kafeini kidogo, mara nyingine kafeini nyingi. Ukweli ni kwamba siku zote walipewa kitupu. Walipodhani ni kitupu nguvu ilishuka asilimia 1.4, walipodhani ni kidogo ikapanda 1.3, walipodhani ni nyingi ikapanda 3.1! Kafeini hamna hata chembe. Ndo maana mtu akiniambia kirutubisho fulani "kimethibitishwa" swali langu la kwanza ni walilinganisha na nini, na je waliomeza walikuwa wanajua wamemeza nini? Na beta-alanini inapowasha hivyo, mtu si anajijua tu kapewa kipi.

Sio kwamba vyote ni maji. Jopo la Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki lilipitia tafiti mwaka 2018, kwenye kuongeza uwezo moja kwa moja vikabaki vichache mno: kafeini, kriatini, naitreti (ile ya kwenye bitiruti), hiyo beta-alanini, na magadi ya kupikia yani baikaboneti, ambayo ukikosea kipimo mechi utaitazamia chooni. Kriatini inasaidia kwenye mbio fupi za kurudiarudia na kunyanyua vyuma, ila wiki ya kwanza ukianza na dozi kubwa unaweza kuongezeka kama kilo nzima ya maji, winga ajiandae. Kafeini ni miligramu 3 mpaka 6 kwa kila kilo ya uzito, saa moja kabla. Dogo ana kilo 60, kwa hiyo 180 zinaanza kutosha, na kahawa chungu hiyo hapo kwenye birika, ingawa kikombe cha kijiweni hakina kipimo.

Kinachonitisha zaidi ni kisichoandikwa. Kuna utafiti wa 2004 walipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, 94 vikakutwa na homoni ambazo kwenye kopo hazikutajwa. Na kwa sheria za dopingi, yani za dawa zilizokatazwa michezoni, kikikutwa kwenye mkojo wako ni chako, habari za jamaa wa gym hazisikilizwi.

Dogo kimya, kashata mkononi, anahesabu elfu themanini yake. Mwisho akafunga kopo, akanong'ona, "Basi dokta usimwambie mtu, nitamuuzia golikipa wetu."