Kwera wa Clarke na Mabwawa ya Msimu ya Dakatcha

Kwera wa Clarke ni ndege mdogo asiyepatikana popote duniani isipokuwa Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Muda mwingi yuko juu ya miti ya mirihi, katika Msitu wa Arabuko-Sokoke na katika misitu ya Dakatcha ng'ambo ya Mto Sabaki, akipekua majani na matawi kutafuta viwavi na wadudu wengine. Dume ni mweusi kichwani na mgongoni, tumbo la manjano. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, lakini kwa miaka mia hawakujua anataga wapi.

Machi 2013, wanakikundi wa uhifadhi wa Dakatcha pamoja na wanachama wa shirika la uhifadhi la Nature Kenya walivipata viota vyake. Havikuwa mtini. Vilikuwa kwenye bwawa la msimu, vimesukwa kwenye mabua ya ndago zilizosimama majini, kiota karibu na kiota.

Bwawa hilohilo ukilipita wakati wa kiangazi utadhani ni ardhi isiyo na kazi: udongo umepasuka, ndago zimekauka, mbuzi wanapita. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akilifyeka alime, au akizichoma ndago, mvua itajaza maji lakini ndege hatakuwa na pa kushikiza kiota. Na kwa kuwa wanataga kwa kundi, bwawa moja likivurugwa katikati ya msimu, makinda wa kundi zima hupotea. Kwa kwera wengi, kuanzia yai hadi kinda kuruka huchukua karibu mwezi mzima.

Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye naye yuko hatarini, hukaa kwenye vichaka vizito vya msitu mwaka mzima. Ukiulinda msitu wake umemlinda. Lakini kwera anahitaji makazi mawili: msitu wa kutafutia chakula na bwawa la kutagia. Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, ni msitu wa hifadhi. Dakatcha sehemu kubwa ni ardhi ya jamii, na mirihi yake inaondoka kwa makaa na mashamba ya mananasi.

Si haki kumwambia mtu aache makaa kisha umwache na njaa. Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza mwaka 1993, umewapa majirani wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kufuga vipepeo, na ufugaji nyuki nao unafaa kwenye misitu hii. Dakatcha inastahili msaada wa namna hiyo.

Kwa sasa, wenye mashamba karibu na mabwawa haya tunawaomba waache ukanda wa ndago bila kuufyeka, hata mwaka ambao mvua imekataa. Wafugaji wanyweshe mifugo upande mmoja wa bwawa, mbali na viota. Na yeyote akiona kundi la kwera weusi kwa manjano wakisuka juu ya maji, asiyakaribie makazi yao. Akiwa kando, aangalie ni bwawa gani na tarehe ipi, kisha akijulishe kikundi cha uhifadhi cha eneo lake.