Bibi Titi Mohamed, nyumba za kupangisha na tamko la mali

Kila inapokaribia 31 Desemba, viongozi wa umma wanapokamilisha matamko yao ya rasilimali na madeni, huzuka tena maneno kwamba Bibi Titi Mohamed aliondolewa katika uongozi kwa kula mali ya umma. Maneno hayo si ya kweli, na tunawaomba wananchi waache kuyasambaza.

Bibi Titi, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na kusoma miaka minne tu ya shule ya msingi, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la lelemama, ngoma ya wanawake. Alipopewa kazi ya kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja, bali aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaja na wanachama wake, watu waliokwisha kuzoea kuchangiana katika harusi na misiba. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za chama. Baada ya uhuru aliingia serikalini akiwa waziri mdogo, akaongoza UWT, jumuiya ya wanawake, tangu ilipoundwa mwaka 1962, na mwaka 1965 akashindwa katika uchaguzi wa ubunge Rufiji.

Mgogoro wa mali ulikuja na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi, pamoja na mume au mke wake, kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha na hakulikubali sharti hilo. Alijiuzulu ujumbe wa Kamati Kuu ya TANU. Aliyejiuzulu hakufukuzwa, na ni vigumu kuelewa kwa nini jambo lililo wazi hivi linapotoshwa mwaka hadi mwaka.

Kesi ya uhaini ni suala jingine kabisa: alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais Nyerere.

Ieleweke pia kwamba sheria ya leo, yaani Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, haimkatazi kiongozi kupangisha nyumba. Inamtaka aitamke, ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka madarakani, akijumuisha mali za mwenzi wake na za watoto wake wadogo ambao hawajaoa au kuolewa. Anayekiuka sheria hii, baada ya kusikilizwa na Baraza la Maadili, anaweza kupewa onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa kazi, kufukuzwa, kushauriwa ajiuzulu, au kufunguliwa hatua za kumfikisha mahakamani, kwa kadiri ya uzito wa kosa na ya mamlaka yake ya nidhamu. Kwa hiyo mwananchi anayetaka kulalamika aeleze ni mali ipi haikutamkwa. Kuona tu kwamba kiongozi ana wapangaji si lalamiko.