Mabehewa mapya ya treni za chini ya ardhi: ya barazani na ya kweli

Tangu watu waanze kuvuka na boti kwenda Dar kupanda SGR, kila baraza hapa mjini ina injinia wa treni, na zile video za mabehewa mapya ya New York zikipita ndo basi tena.

"Si wachague muundo mzuri tu wanunue." Yakhe, anaechagua mwanzo ni shimo. Reli ya chini ya New York imefunguliwa 1904, na zile njia za namba mashimo yake membamba, zile za herufi zinapitisha behewa la upana wa mita 3. Mji mmoja huo, lakini behewa la njia ya A ukilipeleka njia ya 6 halipiti. Kwahiyo kabla hujachora hata kiti unapima kona, majukwaa, uzito, umeme.

"Viti vingi ndo behewa zuri." Hii naielewa, mana kwenye gari ya Bububu na mimi natafuta kiti kwanza, lakini treni ya mjini muda wake unaliwa stesheni. Itazame gari ya chai maharage ikifika Darajani, mlango mmoja tu nyuma, alokaa ndani kabisa anataka kushuka na kikapu chake, anapita baina ya magoti ya watu, utingo anagonga bodi, nyuma honi. Sasa fikiria abiria mia kadhaa na treni nyengine inasubiri iondoke. Ndo mana hayo mabehewa mapya ya New York, yanaitwa R211, milango imetanuliwa kutoka sentimita 127 hadi 147, utasema sentimita 20 kitu gani, lakini hapo mmoja anashuka na mwengine anapanda kwa pamoja. Machache yao yameunganishwa wazi kabisa, unatembea behewa hadi behewa, hayo yalianza kubeba watu Februari 2024.

"Kawasaki Wajapani, basi yanatoka Japani." Kawasaki ndo wanaoyaunda hayo R211, lakini wana kiwanda Lincoln kule Nebraska na chengine Yonkers, pua na mdomo na New York. Pesa za serikali kuu ya Marekani zikiingia, sheria inataka asilimia 70 ya thamani ya vipuri iwe ya huko huko.

"Mwenye bei ndogo ndo anapewa." Wapi! Bombardier, kampuni ya Kanada, walipata mkataba wa kuiundia New York mabehewa mengine 300 mwaka 2012, wakachelewa wee, zabuni ya R211 ilipokuja wakaenguliwa. Na Januari 2020 mabehewa yao hayo yakatolewa njiani yote kwa hitilafu ya milango.

"Wakisaini tu, mwakani yashafika." Mkataba wa R211, mabehewa 535 kwa dola bilioni 1.4, ulisainiwa 2018, abiria wa mwanzo kapanda Machi 2023. Korona ilichangia ndio, lakini hata behewa likifika halipewi watu, linazungushwa tupu miezi na miezi, breki, milango, taa, kikikutwa kibovu kinarekebishwa na wanaanza upya.