Melodi ni nini hasa? Tuisikilize kwenye jazz ya zamani ya New Orleans

Melodi ni ile sauti inayobaki kichwani wimbo ukishaisha. Umetoka harusini, umepanda daladala, maneno yote umeyasahau ila unajikuta unaguna mmm mmm mmm na mtu aliyekaa pembeni anajua kabisa huo ni wimbo gani, basi hicho unachoguna ndo melodi. Watu wa mashairi na taarabu wanaita mahadhi, na ni neno zuri sana, ila saivi wengi tunasema tu melodi.

Ukitaka kuingia ndani kidogo, melodi ni nota zinazofuatana moja baada ya nyingine, na kila nota ina mambo mawili, iko juu au chini kiasi gani, na inashikiliwa kwa muda gani. Hayo mawili yanaenda pamoja. Ukichukua nota zilezile ukabadilisha muda wake tu, ile fupi ukaivuta na ile ndefu ukaikata, unaweza ukapata wimbo ambao hakuna anayeutambua.

Waliopita kwaya hapa wananielewa haraka. Sauti ya kwanza mara nyingi ndo inabeba melodi, halafu ya pili, ya tatu na ya nne zinaimba vitu vingine vinavyopatana nayo, na huo upatano ndo unaitwa harmonia. Mtu wa sauti ya nne akifanya mazoezi peke yake nyumbani, wenzake wa humo ndani wanaweza wasijue kabisa ni wimbo gani anaimba, japo yeye hajakosea hata nota moja. Melodi anayo mwingine.

Sasa kwanini nataka tuisikilize kwenye jazz ya mwanzo, ile ya kabla ya 1930? Kwa sababu huko ndo mtu mgeni anapotea haraka kuliko sehemu nyingine yoyote, na akishajua kuikamata melodi humo, muziki mwingine wote unamfungukia. Mimi mara ya kwanza kusikiliza zile rekodi nilisikia watu watatu wanapuliza kwa wakati mmoja, kila mtu na lake, nikaona hapa hamna wimbo. Kumbe wimbo ulikuwepo mda wote, katikati pale, nilikuwa sijui pa kuweka sikio.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina, maana kwetu neno jazz lina maana yake. Ukisema Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, au kule Congo OK Jazz ya Franco iliyoanza 1956, hapo jazz inamaanisha bendi ya muziki wa dansi, magitaa, besi, ngoma, tarumbeta na saksafoni, na kinachopigwa kwa sehemu kubwa ni rumba yenye asili ya santuri za Cuba. Jina lilisafiri kutoka Marekani likatua kwetu kama jina la bendi ya kisasa. Jazz ninayoiongelea hapa ni ile yenyewe ya New Orleans, mji wa bandari kule Louisiana, na ilipikika kati ya miaka ya 1890 na 1920.

Na pale New Orleans haikutokea hivi hivi. Kulikuwa na uwanja unaitwa Congo Square ambapo Waafrika waliokuwa watumwa waliruhusiwa kukusanyika jumapili, wakapiga ngoma zao na kucheza, jambo ambalo sehemu nyingi za Marekani lilikuwa limezimwa. Kulikuwa na bendi za matarumbeta za mitaani, zinazopiga kwenye maandamano na misiba, wakienda makaburini wanapiga nyimbo za dini taratibu, wakirudi wanapiga za kuchangamka na watu wanafuata nyuma wanacheza. Kulikuwa na blues, zile nyimbo za uchungu za Wamarekani weusi, na ragtime, muziki wa piano wenye mapigo ya kuruka ruka, wa kina Scott Joplin. Halafu kulikuwa na machotara waliojiita Wakrioli, wengi wamesoma muziki wa nota kabisa, ila sheria za ubaguzi za miaka ya 1890 hazikutaka kujua nani chotara nani mweusi. Homer Plessy alikuwa mmoja wao, fundi viatu, alikamatwa 1892 kwa kukaa kwenye behewa la wazungu na 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua dhidi yake. Hao wanaosoma nota na wale weusi wanaopiga kwa sikio wakajikuta wanazidi kupigia pamoja, na huo mchanganyiko unausikia ndani ya muziki wenyewe.

Turudi kwenye melodi. Chukua "When the Saints Go Marching In", wimbo wa kanisani ambao nadhani kila mtu ameusikia mahali. Kwa wanaojua tonic solfa, mstari wa kwanza ni do mi fa so. Basi. Unapanda ngazi nne na unasimama pale juu kwenye so, unaishikilia. Halafu unarudi tena do mi fa so, unashikilia. Mara ya tatu unapanda tena do mi fa so lakini safari hii husimami, unashuka mi do mi, unatua kwenye re, na ile re inakuacha unaning'inia kama mtu aliyeanza sentensi hajamaliza. Uimbe sasa hivi polepole utaona. Nota chache mno, mtoto wa chekechea anaimba, lakini kuna umbo, kuna kupanda, kurudia, halafu kuvunja kile ulichokuwa unakitegemea. Melodi nyingi nzuri duniani zinafanya kazi hivyo.

Ila angalia pale unaposhikilia so. Hapo pana nafasi, wimbo umesimama lakini mapigo yanaendelea, na hiyo nafasi mtu aliyekulia kwenye ngoma za kwetu hawezi kuiacha tupu, ataitikia. Kiongozi anatoa, waitikiaji wanajibu. Ndo kinachofanyika kwenye jazz ya New Orleans, koneti inatoa mstari wa melodi, inafika kwenye so inashikilia, tromboni inateleza kutoka chini inajaza, klarineti inarusha nota juu.

Hao watatu ndo mstari wa mbele, na kila mmoja ana kazi inayotokana na jinsi chombo chake kilivyo. Koneti ni ndugu wa tarumbeta, fupi kidogo, sauti yake iko katikati, ina nguvu, inasikika mtaani bila spika, kwahiyo ndo imepewa melodi. Klarineti ni ya mti, inapulizwa kwa kipande cha tete, vidole vinakimbia juu yake na inapanda juu sana, kwahiyo inapewa kuzunguka, inasuka nota nyingi ndogo ndogo juu ya melodi kama mtu anayedarizi pembeni ya kitambaa. Tromboni haina vitufe kama koneti, ina bomba la kuvuta mbele na nyuma, ndo maana inaweza kuteleza toka sauti moja hadi nyingine bila kukatika, inakaa chini, inaonyesha wimbo unaelekea wapi. Zamani bendi zikitembezwa mjini juu ya gari la farasi kutangaza dansi, mpiga tromboni alikaa nyuma kabisa ili bomba lake lipate pa kutokea lisimgonge mwenzake, na mpaka leo ule mtindo wa kuteleza una jina linalotokana na mlango wa nyuma wa gari.

Nyuma yao wanakaa wa mapigo, banjo au gitaa, piano ikiwepo, tuba au besi, na ngoma. Sitakaa sana hapo, kazi yao kubwa ni kushika mwendo na harmonia ili wale watatu wa mbele wawe huru.

Na huo uhuru ndo kiini. Mpiga koneti hapigi melodi kama ilivyoandikwa. Anaichelewesha kidogo, anaiwahi, anaongeza nota mbili, anakunja nota moja, hasa ile mi, anaishusha nusu nusu mpaka inakuwa sio mi kamili wala sio ya chini yake, nota hiyo ya blues ndo inakupa ule uchungu wenye utamu. Anabuni papo hapo, ila melodi bado unaisikia ndani. Ukiweza kuguna wimbo wa asili kichwani huku unamsikiliza anachofanya, hapo umeshaanza kusikiliza jazz, maana raha iko kwenye umbali kati ya kile unachokijua na kile anachokupa.

Mtu anayetajwa kama wa kwanza kupiga hivi ni Buddy Bolden, mpiga koneti aliyezaliwa 1877. Inauma kwamba hatuna rekodi yake hata moja, 1907 aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili na akabaki humo mpaka alipofariki 1931. Na rekodi ya kwanza ya jazz kutoka sokoni, 1917, ilipigwa na bendi ya wazungu kutoka New Orleans, Original Dixieland Jass Band, enzi hizo hata tahajia ilikuwa jass. Waliouanzisha muziki walikuja kusubiri zaidi ya miaka mitano kusikika vizuri kwenye santuri, na mimi kila nikisikiliza hizo za 1917 siwezi kuacha kufikiria nani alipaswa kuwa pale.

Kwahiyo mimi nashauri uanzie 1923. Mwezi wa nne mwaka huo King Oliver, mpiga koneti wa New Orleans aliyekuwa amehamia Chicago, na bendi yake ya Creole Jazz Band walitoka huko wakaenda mji mdogo wa Richmond, Indiana, kurekodi kwenye kampuni ya Gennett. Maikrofoni ya umeme ilikuwa bado, walipuliza kuelekea kwenye pembe kubwa inayopeleka mtetemo moja kwa moja kwenye sindano inayochora nta. Studio ilikuwa karibu na reli, treni ikipita kazi inasimama. Oliver alikuwa na koneti ya kwanza, na koneti ya pili alikuwa mwanafunzi wake wa miaka 21, Louis Armstrong, ambaye sauti yake ilikuwa na nguvu mpaka ikabidi asimame mbali na wenzake asiwafunike. Baby Dodds kwenye ngoma hakuweza kupiga lile goma kubwa kwa sababu lingerusha sindano, ndo maana unasikia anagonga vipande vya mbao. Kaka yake Johnny Dodds yuko kwenye klarineti, Honoré Dutrey kwenye tromboni, na piano ni Lil Hardin, mwanamke pekee hapo, aliyekuja kuolewa na Armstrong mwaka uliofuata.

Tafuta "Dippermouth Blues" ya hapo. Haifiki dakika tatu. Usikilize mara ya kwanza kwa ajili ya koneti tu, hao wengine wasikusumbue, waache wawepo. Sauti itakuwa ya mikwaruzo na finyu, vumilia, baada ya sekunde kama thelathini sikio linazoea. Mara ya pili mfuate Johnny Dodds, hasa anapoachiwa apige peke yake huku bendi inakata kata mapigo nyuma yake. Halafu anakuja Oliver mwenyewe, ameziba mdomo wa koneti kwa kitu na anafungua na kufunga mpaka koneti inalia waa waa kama mtu anaongea, na hapo utasikia kwamba nota alizotumia ni chache sana, anarudi rudi kwenye sauti moja, anaikunja, anaiacha, anairudia. Ukiweza kuguna kile alichopiga Oliver, umeshapata melodi ambayo hakuna aliyeiandika kabla hajaipuliza. Mara ya tatu sikiliza wote kwa pamoja, na nakuhakikishia zile kelele za mwanzo hutazisikia tena, utasikia watu wanaopishana njiani bila kugongana.

Armstrong aliondoka kwa Oliver 1924, na kuanzia 1925 na kundi lake la Hot Five mambo yakabadilika, ile ya wote kupuliza pamoja ikaanza kumpisha mtu mmoja asimame mbele asimulie. Kilele chake kwangu ni "West End Blues" ya mwezi wa sita 1928. Inaanza yeye peke yake na tarumbeta, hamna ngoma hamna piano, sekunde kumi na kidogo tu, anatoa nota nne kwa nguvu, anapanda, halafu anazimwaga kutoka juu mpaka chini kama maji, na wewe uliyejifunza kufuata melodi utasikia kwamba hazimwagiki ovyo, kila moja inaomba inayofuata. Baadaye kidogo humo humo anaimba bila maneno, anaguna tu, anajibizana na klarineti, kama wewe ulivyokuwa unaguna kwenye daladala.

Huo wimbo aliutunga King Oliver. Wakati mwanafunzi wake anaurekodi yeye fizi na meno vilikuwa vimeshaanza kumharibikia, na mpiga koneti bila meno hana kazi. Alifariki 1938 huko Savannah, Georgia, akiwa anafanya usafi kwenye ukumbi wa pool.