Mchoro wa saketi hausemi kitu kiko wapi

Dhana potofu, kama zote zinazofuata: mchoro ni picha ya bodi, kibao kinachobeba vifaa vya saketi. Ukitafuta kwenye kona ya juu ya bodi kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) iliyochorwa kwenye kona ya juu ya karatasi, utaitafuta mpaka usiku. Mchoro unaeleza nini kimeungwa na nini, basi. Harry Beck alifanya vivyo hivyo mwaka 1931 alipochora ramani ya treni za chini ya ardhi za London: njia zikanyooshwa ziwe mlalo, wima au mshazari wa nyuzi 45, na umbali halisi ukaachwa. Abiria huitumia vizuri kubadilisha treni. Anayekwenda kwa miguu inampoteza.

Wanaoumia zaidi ni wanaojenga. Mchoraji hurundika pembeni kapasita za nanofaradi 100, akiba ya umeme ya kila aisii (chipu), ili ukurasa usijae. Ukizirundika hivyo kwenye bodi, kila muungano utalingana na mchoro, na bado aisii itajiwasha upya kila rilei (swichi inayoendeshwa na koili ya umeme) inapobofya. Kila sentimita ya njia ya shaba huongeza takriban nanohenri 10 za induktansi, inayopinga mabadiliko ya ghafla ya umeme, na umeme unaohitajika ghafla huchelewa kufika. Kila kapasita iwekwe milimita chache kutoka pini ya umeme ya aisii yake.

Dhana: mstari ni waya. Mstari hauna ukinzani, waya unao. Shaba ya milimita 1 ya mraba ina takriban omu 0.017 kwa mita. Taa ya volti 12 inayokula ampea 5, ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, inatumia mita 20 za waya, kwenda na kurudi. Volti 1.7 zinapotea njiani. Fundi anabadilisha taa, kumbe ni waya mwembamba.

Mistari inayopishana bila nukta haijaungana. Hilo halihitaji maneno mengi.

Dhana: kisichochorwa hakipo. Pembetatu, alama ya aisii ya amplifaya kama LM358, mara nyingi huchorwa na miguu mitatu tu. Pini 8 ya chanya na pini 4 ya hasi zimefichwa, na anayeanza huzisahau, kisha anailaumu aisii.

Dhana: rilei imechorwa ikiwa kazini. La, huchorwa ikiwa haina umeme. Koili K1 inaweza kuwa ukurasa wa kwanza na kontakti zake ukurasa wa nne. Kinachoziunganisha ni jina tu. Ukipima wakati koili ina umeme, kontakti iliyochorwa wazi utaikuta imefunga, nayo si mbovu.

Dhana: alama ya ethi maana yake imeungwa na ardhi. Aghalabu ni volti sifuri ya saketi hiyo tu, na hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Katika pawasaplai ya swichingi, sifuri ya upande wa umeme mkuu haiko kwenye ethi ya jengo, ilhali klipu ya osiloskopu ya mezani (kipimo kinachoonyesha volti kama mchoro) iko. Ukiibana hapo umepiga shoti kupitia dayodi za kuingilia. Tumia probu ya tofauti, inayopima kati ya nukta mbili bila kuunga yoyote na ethi, au transfoma ya kutenganisha kwenye kifaa kinachopimwa.